Muziki unakatika, video nyeusi, maneno hayasikiki: jibu kwa mwalimu anayeandaa slaidi za mahafali

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kimara, nimepewa kazi ya kuandaa slaidi za mahafali ya kidato cha nne. Zipo picha 40 zinazopita na wimbo, kisha video ya dakika nne ya mwanafunzi wetu wa zamani aliyeko Uingereza, kisha sauti ya mzee mwanzilishi wa shule aliyotutumia kwa WhatsApp. Kwenye laptopu yangu video inacheza vizuri, ila wimbo unakatika slaidi ya pili ikifika, na sauti ya mzee imekataa kabisa kuingia. Tulipojaribu kwenye kompyuta ya ukumbini, video ilitoa sauti lakini picha ikawa nyeusi, na sauti yenyewe ikatokea kwenye kispika kidogo cha projekta. Fundi mitambo akachomeka waya kwenye miksa: muziki ukasikika, lakini maneno ya kijana yakapotea. Natumia PowerPoint 2016. Zimebaki wiki mbili. Naombeni msaada.

JIBU: Mwalimu, pole kwa hekaheka. Hayo ni matatizo matano na kila moja lina sababu yake, ndiyo maana ukigusa moja mengine yanabaki palepale. Yote yanatibika, na wiki mbili zinatosha. Tuanze na mafaili yenyewe kabla hayajaingia kwenye slaidi, halafu PowerPoint, na mwisho nyaya za ukumbini.

Video ndiyo itakayokula muda. Dalili uliyoitaja, sauti ipo na picha ni nyeusi, inaelekeza mahali pamoja: picha zimebanwa kwa kodeki (njia ya kubana na kufungua video) ya HEVC, ambayo pia huitwa H.265. iPhone 7 na zilizofuata, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, hurekodi hivyo zikiachwa na mpangilio wake wa kawaida. Sauti iliyomo kwenye faili hilohilo ni ya AAC, ambayo Windows inaielewa bila nyongeza yoyote. Kwa hiyo mlimsikia kijana bila kumwona. Laptopu yako ina kisomeo cha HEVC, pengine kiliwekwa na mtengenezaji wake tangu dukani. Ya ukumbini haina. Kama tatizo lingekuwa faili kutosafiri pamoja na slaidi, usingepata picha wala sauti.

Inaelekea kijana aliituma kama dokyumenti, na kwa hilo alifanya vizuri. Angeituma kama video ya kawaida, WhatsApp ingeibana upya kuwa MP4 ya H.264, ingecheza karibu kila mahali, lakini uso wake ukikuzwa kwenye pazia kubwa ungeonekana umemegekamegeka. Bora upokee faili zima kisha ulibadilishe mwenyewe.

Thibitisha kwanza. Fungua video kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video na sauti, bonyeza Ctrl+J, usome mstari wa kodeki. Ukiona HEVC au H.265, ndiyo hiyo. Usijiridhishe kwa sababu tu VLC imeicheza: VLC ina visomeo vyake vya ndani, wakati PowerPoint inategemea vya Windows. Watu wengi hudanganyika hapo, wanapima kwa VLC nyumbani halafu wanashangaa ukumbini.

Kuibadilisha, tumia HandBrake. Ni programu ya bure na inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka. Buruta video ndani yake, chagua mpangilio wa «Fast 720p30», halafu hakikisha mambo matatu. Format iwe MP4. Kwenye Video, kodeki iwe H.264 na kasi ya picha (Framerate) iwe 30, na uweke alama kwenye «Constant Framerate». Kwenye Audio iwe AAC. Hiyo alama ya «Constant Framerate» usiiruke. Simu hurekodi kwa kasi inayopandashuka, mara picha 30 kwa sekunde, mara 24 mwanga ukipungua, na kwenye baadhi ya kompyuta midomo huanza sawa na maneno kisha inaachana nayo kadiri dakika zinavyokwenda. Ukiilazimisha kasi iwe moja, tatizo hilo linaondoka.

Kuhusu 720p, usiogope kwamba unapunguza ubora. Projekta nyingi za kumbi zina nukta 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800. Ukipeleka video ya 1080p, projekta itaipunguza yenyewe, na kompyuta kuukuu itahangaika kuichambua hadi picha ianze kukwama. Kwa uzito: video inayotumia megabiti 2.5 kwa sekunde ni kama MB 19 kwa dakika, hivyo dakika zako nne zitakuwa karibu MB 75. Ya awali kutoka kwenye iPhone, kwa 1080p, huwa kama MB 60 kwa dakika, yaani MB 240.

Sauti ya mzee imekataa kwa sababu sauti za WhatsApp huhifadhiwa kwa muundo wa Opus, na faili lake huishia na .opus au .ogg. PowerPoint 2016 haiujui muundo huo. VLC inaweza kuubadilisha: Media, kisha «Convert / Save», Add uchague faili, bonyeza «Convert / Save», chagua «Audio - MP3», taja jina na mahali pa kuhifadhi, bonyeza Start. Dakika haitimii.

Lakini nakushauri uombe irekodiwe upya kama mzee yupo na ana nguvu. WhatsApp huibana sana sauti ili isile bando. Sikioni inatosha, ila kwenye spika za ukumbi inasikika nyembamba na yenye mkwaruzo. Arekodi kwa programu ya kinasa sauti iliyomo kwenye simu, simu ikiwa kama shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isipige maiki, feni zikiwa zimezimwa, kwenye chumba chenye mapazia au kitanda, si sebule tupu yenye vigae. Kisha wakutumie kama dokyumenti. Simu nyingi hutoa M4A, na hiyo PowerPoint 2016 inaipokea moja kwa moja.

Kabla hujaiingiza, ipitishe kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, pamoja na wimbo ili mzee asizidiwe sauti na muziki uliomtangulia. Wimbo wa studio umeshakandamizwa uwe na nguvu mwanzo hadi mwisho. Sauti ya mtu mzima anayeongea polepole haiko hivyo. Chagua yote, nenda kwenye «Loudness Normalization», na badala ya -23 inayokuja nayo andika -16 kwa sauti ya mzee. Wimbo uweke -20, maana ni wa kusindikiza picha tu. Zihifadhi zote mbili kama MP3 ya kbps 128 au zaidi. MP3 ya 128 ni kama MB 1 kwa dakika, wakati WAV ya stereo ni kama MB 10 kwa dakika, na kwa kazi hii hakuna atakayesikia tofauti.

Sasa PowerPoint. Wimbo ulikatika kwa sababu sauti ikiingizwa kwenye slaidi huhesabiwa kuwa ya slaidi hiyo peke yake. Slaidi ikiondoka nayo inaondoka. Bonyeza alama ya spika kwenye slaidi ya kwanza, fungua Playback, bonyeza «Play in Background». Kitufe hicho kinaweka mambo manne kwa mpigo: wimbo kuanza wenyewe, kuendelea slaidi zikibadilika, kurudia ukiisha, na alama ya spika kufichwa wakati wa onyesho. Ondoa alama ya kurudia, «Loop until Stopped». Hutaihitaji ukishapanga muda vizuri.

Muda unapangwa hivi. Tuseme wimbo ni dakika 3 na nusu, yaani sekunde 210. Gawa kwa picha 40 upate sekunde 5.25 kwa kila picha. Ukitumia mpito wa sekunde 1, huo nao unakula wimbo, kwa hiyo picha yenyewe ikae sekunde 4.25. Chagua slaidi 1 hadi 40 upande wa kushoto kwa kushikilia Shift, fungua Transitions, weka Duration 01.00 na After 00:04.25. Usibonyeze «Apply To All», kwa sababu muda huo utaingia pia kwenye slaidi zinazofuata, na hizo unataka zimsubiri MC. Ukiona picha zinapita haraka mno kwa jicho la mzazi anayemtafuta mwanawe katika picha ya darasa zima, punguza picha ziwe 30. Kurefusha wimbo hakutasaidia: dakika saba za picha zinachosha hata wenye watoto.

Ili wimbo usiendelee kumfunika kijana, fungua Animation Pane, bonyeza wimbo mara mbili, na kwenye «Stop playing» chagua After, andika 40. Hiyo ni idadi ya slaidi ambazo wimbo utapita juu yake, wala si namba ya slaidi ya kusimama. Ungekuwa umeuweka slaidi ya tatu, ungeandika 38. Jambo moja zaidi: «Fade Out» ya Playback hufifisha mwisho wa faili la sauti. Kama slaidi ya 41 ikifika kabla wimbo haujaisha, utakatika kama umezimwa swichi, hata kama umeweka sekunde 3 za kufifia. Kwa hiyo ukate wimbo kwa «Trim Audio» uishe palepale picha ya 40 inapoishia, ndipo kufifia kutasikika.

Video iingize kwa Insert, Video, «Video on My PC», kisha bonyeza Insert yenyewe. Usichague «Link to File» kwenye kishale cha pembeni, la sivyo slaidi zitabeba anwani ya faili tu na faili litabaki kwenye laptopu yako. Halafu angalia Start kwenye Playback. Katika PowerPoint 2016 inakuja na «On Click», na maana yake ni kwamba lazima mshale wa kipanya uibonyeze video yenyewe. Anayeendesha kwa rimoti au kwa kitufe cha nafasi ataipita video bila kuianzisha. Badilisha iwe «Automatically», na kabla yake weka slaidi ya 41 yenye jina la kijana na mwaka aliomaliza. MC anamtambulisha, unabonyeza mara moja, video inaanza yenyewe. Mfanyie mzee vilevile: slaidi ya jina kwanza, kisha slaidi ya picha yake yenye sauti inayojianzisha.

Kama video ilirekodiwa simu ikiwa wima, iache wima katikati, na slaidi iwe na mandhari meusi; ukiivuta ijaze upana, kijana atanenepa. Kuza au punguza kwa pembe tu. Pia simamisha video pale uso wake unapoonekana vizuri, kisha kwenye Format bonyeza «Poster Frame», «Current Frame», ili watu waone uso badala ya kisanduku cheusi kabla haijaanza.

Ukimaliza, hakikisha kila kitu kimo ndani. Faili la .pptx ni furushi la zip. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina kutoka .pptx kuwa .zip, ulifungue, ingia folda ya ppt kisha media. Ukikuta pale faili la .mp4 na mafaili mawili ya .mp3, kazi yako inasafiri kamili. Moja likikosekana, liliunganishwa kwa kiungo. Lifute kwenye slaidi uliingize upya.

Kwa kompyuta ya kuonyeshea, peleka laptopu yako mwenyewe. Ikishindikana, uliza mapema ukumbi una toleo gani: PowerPoint 2007 haiwezi kubeba video ndani ya slaidi, na 2010 ya biti 32 huhitaji QuickTime ili icheze MP4. Wakiwa na WPS Office, pitia slaidi zote humo tangu mwanzo, maana mpangilio wa sauti kupita slaidi 40 ni mojawapo ya vitu vya kwanza kubadilika kati ya programu na programu. Vyovyote iwavyo, nakili faili kwenye Desktop. Video ikisomwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya kasi ndogo hukwama. Na usitegemee kiungo cha YouTube katika slaidi. Kinahitaji intaneti dakika ileile, na ukumbi ukijaa simu za wazazi, mtandao huwa mzito.

Nyaya sasa. Sauti ilitokea kwenye projekta kwa sababu HDMI hubeba picha na sauti pamoja, na Windows ikiuona waya huo mara nyingi huhamishia sauti huko yenyewe. Chomeka HDMI kwanza, kisha bonyeza alama ya spika chini kulia kwenye skrini na uchague spika za laptopu badala ya jina la projekta. Kisha funga PowerPoint uifungue tena, maana wakati mwingine inang'ang'ania njia ya zamani. Ukifanya hivyo kabla ya kuchomeka HDMI, Windows inaweza kuhama tena. Projekta ya VGA haina shida hii. VGA haibebi sauti kabisa.

Maneno kupotea muziki ukibaki ni kosa la waya, na fundi akielezwa ataelewa mara moja. Tundu la spika la laptopu ni stereo: pini ina njia ya kushoto, njia ya kulia na ya dunia (earth). Tundu la pini kubwa kwenye miksa ni la njia moja yenye mizani (balanced), nalo huchukua njia ya kwanza na kuipunguzia ile ya pili ili kufuta mvumo unaoingia kwenye waya. Mkiunganisha kwa waya wa stereo kwa stereo, miksa inapunguza sauti ya kulia kutoka kwenye ya kushoto. Maneno ya mtu anayeongea huwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo yanafutana yakaisha. Vyombo vya muziki vilivyo upande mmoja vinabaki, vikisikika kama vinatokea kwenye pipa tupu. Ukisikia hali hiyo popote, usiguse vitufe vya sauti, badilisha waya.

Unaohitaji una pini ndogo ya stereo ya mm 3.5 upande mmoja, na upande wa pili pini mbili kubwa za mono za mm 6.35, zinazoingia kwenye chaneli mbili za miksa, moja igeuzwe kushoto na nyingine kulia. Kama miksa ina matundu mekundu na meupe yaliyoandikwa Tape In au CD In, waya wa pini ndogo kwenda vichwa viwili vya AV unatosha. Kariakoo utazipata zote. Itazame pini kubwa kabla ya kulipa: ya mono ina pete moja nyeusi, ya stereo ina mbili. Muuzaji akisema zote ni sawa, chagua yenye pete moja.

Fundi atumie matundu ya Line, si ya maiki, kwa sababu tundu la maiki linatarajia sauti dhaifu na litapasua ya laptopu. Sauti ya Windows iwe karibu asilimia 75, nguvu iliyobaki itoke kwenye miksa. Mkisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya laptopu kwa sekunde chache. Ukikoma, ni mzunguko wa umeme wa dunia kati ya vyombo viwili. Chomekeni laptopu na miksa kwenye ekstensheni moja, au onyesho liende kwa betri ikiwa imejaa. Spika za Bluetooth ziacheni kabisa kwa video hii: sauti huchelewa sehemu ya sekunde baada ya midomo, na mara nyingi neno la kwanza linamezwa spika ikiamka.

Zima taarifa za WhatsApp na za Windows kwenye laptopu, na uzuie skrini isilale. Jifunze pia vitufe vinne vya kutumia onyesho likiendelea: Alt+P husimamisha na kuendeleza video au sauti, Alt+mshale wa juu na wa chini hupandisha na kushusha sauti, B hufanya pazia kuwa jeusi. Alt+P ndiyo ya kuishikilia kidole tayari. Umeme wa TANESCO ukikatika, projekta na spika vinazima, lakini laptopu ina betri na itaendelea kucheza kimya kimya; usipoisimamisha, jenereta ikiwaka mzee atakuwa ameshamaliza maneno yake. Na projekta za taa, zikizimika ghafla, huhitaji dakika kadhaa kupoa kabla ya kukubali kuwaka tena, kwa hiyo MC awe na jambo la kufanya na wazazi muda huo.